Tuta la Nyuma ya Sikio

Mwaka jana tulimzika Kaberia wa Mikinduri, na nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu wakimsengenya binti yake. Karwirwa alikuwa amesimama kando ya jeneza, mama mzima wa miaka arobaini na kitu, muuguzi, amevaa vizuri. Walichokiona hao wawili ni nywele tu. Matuta yake yalikuwa yamepindapinda, na nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kijituta kidogo kilichochomoza peke yake. Mmoja akasema kwamba hata siku ya kumzika babake ameshindwa kutafuta saluni ya maana.

Nilitaka kugeuka niwazabe vibao. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne na mkono bado unakumbuka. Lakini nilijizuia, na nilipopewa kipaza sauti nikasema yale ya kawaida, kwamba marehemu alikuwa mtu mpole na jirani mwema, nikarudi kukaa. Sasa niko nyumbani Embu, nimestaafu, hasira haijaisha, na yale niliyopaswa kuyasema pale nitayasema hapa.

Kaberia alikuwa mfungaji wa miraa. Watu wa mbali huiona miraa ikiwa imeshafika kwao, hawajiulizi nani aliipanga. Asubuhi vijiti vinatoka shambani, na kabla ya saa saba mchana magari lazima yawe barabarani, kwa sababu miraa ni kitu cha siku mbili tatu. Ikikauka haina kazi tena. Katikati hapo ndipo wanapokaa wafungaji juu ya magunia. Wanachagua vijiti, wanavipanga kwa urefu, wanazungusha kamba ya mgomba na kukaza, halafu wanakivika kifurushi majani ya mgomba yenye unyevu ili kifike kikiwa kibichi. Kaberia aliacha shule darasa la nne akaingia kazi hiyo, na nilipomjua mimi alikuwa na miaka kama thelathini na mbili na hapakuwa na mtu sokoni wa kumfikia. Vidole vyake vilikuwa virefu na vikavu, na havikuwa na haraka hata alipokuwa mbele ya wote.

Kila mfungaji ana mkono wake. Kuna anayezungusha kamba mara tatu, kuna anayeificha ncha ndani, kuna anayependa kuanza na vijiti vifupi. Wanunuzi walijua kifurushi cha Kaberia bila kuambiwa. Na yeye ukimpa kifurushi cha mtu mwingine, alikifungua polepole, akikitazama kinavyoachia, kisha anakuambia ni cha nani na kama huyo mtu siku hiyo alikuwa amechoka au amegombana na mkewe. Sokoni walilifanya jambo hilo kuwa mchezo. Walimletea vifurushi wakicheka, naye hakukosea.

Nilifika Mikinduri kufundisha mwaka wa 1981, nikapanga chumba. Kati ya mlango wangu na nyumba yake palikuwa na ua wa kayaba tu, tena wenye matundu. Kimeru chao na Kiembu changu vinasikilizana, kwa hiyo yaliyosemwa upande ule niliyasikia hata nisipotaka, na mara nyingi nilitaka.

Mkewe aliitwa Felicitas. Huyo alikuwa rafiki yangu, mtu wa kucheka mpaka anaketi chini, na nitasema ukweli juu yake kwa sababu hata yeye aliusema: Felicitas hakujua kusuka. Kila Jumapili ya pili, baada ya kanisa, alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, akamweka Karwirwa katikati ya magoti, akaanza upande wa kulia. Matuta yaliondoka vizuri, halafu yakapinda, halafu kila moja likashika njia yake. Akifika sikio la kushoto, nywele zilikuwa zimebaki ambazo hazikuingia kwenye tuta lolote. Alizisokota kando, akazifunga kwa uzi mweusi, zikasimama wima. Hicho kijituta alikiita kitinda mimba. Kaberia alimtania kwamba kifurushi cha namna hiyo kingerudishwa sokoni siku hiyo hiyo. Felicitas alimjibu kwamba basi akirudishe, kama atampata wa kumrudishia.

Nywele za mtoto zilikuwa nyingi na nzito. Zikifumuliwa na kunyooshwa zilifika mabegani. Mama yake hakuwahi kuzikata tangu azaliwe.

Februari 1986, Felicitas alimsuka mtoto Jumapili. Jumatano alilalamika kifua, Alhamisi tukampeleka hospitali, Jumamosi akafa. Sina namna ya kulisema hilo likawa refu zaidi. Karwirwa alikuwa na miaka minane.

Baada ya mazishi dada yake Kaberia, Cicily, alikuja na wembe. Kwa wazee wao ilikuwa kawaida kwamba waliofiwa wananyolewa, na Cicily hakuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa tayari amenyoa. Karwirwa aliingia chini ya kitanda, akashika kichwa kwa mikono miwili. Alisema matuta haya yamesukwa na mama na mtu asiyaguse. Kaberia alimshika dada yake bega, akamwambia amwache. Nilimpenda kwa hilo.

Machi ikapita, Aprili ikapita, na mtoto hakukubali mtu amshike nywele. Nywele mpya zikaota chini ya matuta, zile zilizong'oka zikabaki humo humo ndani, yakaanza kushikana. Kisha kichwa kikaanza kuwasha. Hapo ndipo Kaberia alipokosea, na alikosea kwa sababu ya ile kazi yake aliyoijua kuliko mtu yeyote. Kwa mfungaji wa miraa, adui ni kukauka. Kila siku jioni alimnyunyizia mtoto maji kichwani, akampaka mafuta ya kupikia kwenye ngozi, akamfunga kitambaa kibichi, akakikaza. Asubuhi alimfunga kingine chini ya kitambaa cha shule. Nilimsikia kupitia ua akimwambia kwamba hatutaki yakauke, yakikauka yataachia. Mtoto alitulia kabisa akifungwa. Mimi niliona ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi, nikanyamaza.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Karwirwa alikuwa darasani kwangu. Magamba meupe yalimjaa mabegani kwenye sweta ya bluu. Alijikuna kwa kalamu, akajikuna kwa rula, mpaka nyuma ya shingo kukatoka damu kidogo. Kitambaa kilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye karai. Watoto wakaanza kusogea. Mama wa yule aliyekaa naye dawati akaja hadi mlangoni kwangu, akasema mtoto wake ataambukizwa choa na kwamba mimi kama mwalimu nimelala.

Sipendi kuambiwa nimelala. Siku hiyo ya Alhamisi nilichukua karatasi, nikaandika kwamba Karwirwa anyolewe kabla ya Jumatatu, la sivyo asiingie darasani. Nikatia sahihi, nikamkabidhi mwenyewe apeleke nyumbani. Nilijua matuta yale ni ya nani. Nilikuwa nimekaa pale kwenye ua nikimtazama Felicitas akiyasuka. Niliandika hata hivyo.

Ijumaa jioni Kaberia alisimama upande wake wa ua, karatasi mkononi. Kwangu alizungumza Kiswahili, kwa heshima ya ualimu.

"Mwalimu Kagure, nisomee hii barua."

Alijua kusoma. Darasa la nne linatosha kusoma mistari mitatu. Alitaka anisikie nikiisoma kwa mdomo wangu, na niliisoma, yote, mpaka sahihi. Yeye alinisikiliza kichwa kimeinama.

"Sasa hapa," akasema, "ni nywele unataka ikatwe, ama ni mama yake?"

Nilimjibu mambo ya usafi, mambo ya darasa la watoto hamsini na wawili. Ninayakumbuka yote na yananiudhi. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi mara nne, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi alimpeleka mtoto dispensari. Aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Daktari alifungua kitambaa, akaachanisha nywele kwa kijiti, akasema hiyo si choa, ni mba, lakini mba iliyopewa chakula na malazi. Akauliza nani anamfunika mtoto kichwa na maji na mafuta. Kaberia akasema ni yeye. Daktari alimweleza kwamba ngozi imekosa hewa, kwamba mba inapenda sana mahali penye unyevu na mafuta, na kwamba lazima nywele zifumuliwe, zioshwe, zikauke, ndipo dawa ipakwe. Kama hazifumuki, zikatwe, kwani nywele huota tena. Kaberia alishukuru, akatoka. Akaniambia kwamba njiani alikuwa akiitazama mikono yake.

Karwirwa alisikia neno moja tu katika hayo yote. Walipofika nyumbani alimponyoka babake, akakimbia nyuma ya zizi, akapanda mti wa miraa. Ulikuwa mti wa babu yake, mzee, mnene, na kwa watu wa huko mwanamke hapandi mti wa miraa, hata awe mtoto, hata awe na njaa. Wanaume waliokuwa wakipita barabarani walisimama kufoka. Mmoja alimwambia Kaberia amteremshe huyo mtoto kabla hajaharibu mti. Kaberia aliwaambia waende sokoni.

Mimi nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimeupanga vizuri, kwa sentensi kamili, nikaukuta ule mti na yule mtoto juu yake amejikumbatia kichwa, sentensi zote zikanitoka. Nikasimama pembeni.

Kaberia aliketi chini, mgongo kwenye shina, hakutazama juu. Halafu akasema naye kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida.

"Karwirwa, mimi ndiye nimeyaharibu. Nilidhani ni kama miraa."

Vipande vya gome vilimwangukia begani.

"Na hata miraa haiwekwi. Mimi naifunga, lakini sijaona iliyomaliza wiki. Unajua mtu akinipa kifurushi nikakifungua, namjua aliyekifunga."

"Najua," mtoto akasema.

"Basi nipe hayo matuta niyafungue. Polepole, moja moja. Mkono wa mama yako uko humo ndani, na mimi nitausoma. Nikishausoma nitakuwa nao. Lakini tukiyaacha yaoze sitaweza kusoma kitu."

Mtoto akamuuliza kama hatatumia wembe. Akasema hatatumia. Akamuuliza kama mwalimu atamfukuza. Kaberia alinitazama, mara ya kwanza tangu nifike. Nilisema kwamba sitamfukuza, kwamba barua ile ilikuwa ya kijinga na mwandishi wake pia. Nadhani ndiyo sentensi ya kweli zaidi niliyowahi kusema katika kazi yangu. Karwirwa akateremka, magoti yakiwa yamechubuka.

Usifikiri mambo yalinyooka hapo. Kaberia alichukua chanuo la marehemu, akalitia kwenye mizizi ya nywele, akavuta. Mtoto alipiga kelele iliyofika kanisani. Nywele zilikuwa zimeshikana mpaka matuta mengine yalikuwa kitu kimoja na jirani yake. Alijaribu mara mbili, kisha akaweka chanuo chini, akaenda dukani kwa Barwaqo kutafuta lenye meno mapana.

Barwaqo alikuwa Msomali, mke wa mwenye magari ya kubeba miraa, na sote tulimwita Mama Hirsi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nywele zake hakuna aliyewahi kuziona, lakini fundo lililokaa chini ya mtandio lilitosha kutuambia. Alimuuliza Kaberia chanuo ni la nani, na Kaberia, ambaye hakuzoea kueleza mambo ya ndani, alijikuta akimweleza yote kwenye kaunta, habari za maji, za mafuta, za mti. Barwaqo alifunga duka. Alikuja na chanuo, na kopo lenye unga wa kijani wa majani wa kuoshea nywele, ambao watu wake huuita qasil na kuuleta kutoka kaskazini.

"Wewe Baba Karwirwa unalima ama unachana?" akamuuliza. "Anza huku chini, mwisho wa nywele. Shika juu na mkono ingine, mtoto asisikie. Ukimaliza chini, unapanda kidogo. Na mafuta peleka kwa ncha, ngozi wachana nayo."

Akamwonyesha kwa tuta moja, kwa vidole, chanuo likiwa bado mfukoni. Alipomaliza alimshika mtoto kidevu, akamwambia jambo kwa Kisomali ambalo hakulitafsiri, akarudi dukani kwake.

Siku iliyofuata, Jumapili, Kaberia hakwenda kanisani. Alikaa kwenye kile kizingiti cha jikoni baada ya chai ya asubuhi, mtoto katikati ya magoti, mahali pale pale. Mimi pia sikwenda kanisani. Nilikuwa na kiti changu upande wangu wa ua, na safari hii hakuna aliyejifanya kwamba sioni.

Matuta yalikuwa kumi na tisa. Alikata uzi kwenye ncha, akauweka pembeni, akaanza kuachanisha kwa vidole kutoka chini, akipanda kidogo kidogo. Nywele zilizokufa alizitoa akaziweka juu ya gazeti. Magamba yalianguka kwenye magoti yake, hakuyapangusa. Na kila tuta alilitazama linavyoachia, kama anavyotazama kamba ya mgomba, akawa anamwambia mtoto anachokiona. Hapa alianza akiwa na nguvu, amekaza. Hapa anazungusha kwa chini, si kwa juu. Hapa alikuwa anacheka, ameyumba.

Kwenye tuta la saba alisimama. Akalirudia kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Hapa aliliacha katikati," akasema. "Aliinuka. Aliporudi alishika kwa mkono uliolowa."

Karwirwa aligeuza kichwa.

"Ni chai," akasema. "Ilifurika, akaenda kuitoa. Akaungua kidole, akakitia kwa maji."

Kaberia alifunika macho kwa kiganja. Mimi nililia pale kwenye kiti changu, na sikujificha. Ile chai niliinywa mimi. Felicitas alinipitishia kikombe kwenye tundu la ua Jumapili ile, akalalamika kwamba nusu imemwagika jikoni.

Waliendelea mpaka saa kumi. Walikula ndizi hapo hapo kwenye kizingiti. Mara mbili mtoto alilia kwa maumivu, na mara zote mbili baba alisimama, akangoja, akarudi kuanzia chini. Lilipobaki lile la nyuma ya sikio la kushoto, kitinda mimba, Kaberia aliondoa mikono. Akamwambia hilo alifungue mwenyewe. Karwirwa alilifungua kwa vidole vyake, akichukua muda wake, akaushika ule uzi mweusi ngumini. Zile nywele zilizokuwa kwenye gazeti alitaka zisitupwe, na Kaberia akazikunja akazitia kwenye bati la biskuti pamoja na nyuzi zote. Sikuwahi kumwona mtu akikunja gazeti kwa uangalifu vile.

Wakaosha. Unga wa Barwaqo ulitoa povu jepesi, maji yakatoka ya kijivu, wakarudia mpaka yakatoka safi. Ngozi chini ilikuwa nyekundu, ina mabaka, na kuiona kuliniuma kwa sababu niliijua tangu ikiwa nzima. Mtoto alikaa juani bila kitambaa hadi nywele zikakauka hata kwenye mizizi, kisha dawa ya daktari ikapakwa.

Jumatatu nilimkalisha karibu na dirisha, kichwa wazi, nywele zimesimama pande zote. Nililiambia darasa kwamba hiyo ni mba, kwamba haiambukizi, na kwamba atakayesogeza dawati lake nitamsogeza yeye hadi kwa mwalimu mkuu. Yule mama aliyesema nimelala nilimfuata hadi kwake nikamwambia vivyo hivyo, kwa upole zaidi kidogo tu.

Ikawa hivyo majuma sita. Jumatano na Jumapili kuosha, kukausha, dawa. Kila jioni kuchana kutoka chini, dakika kumi, ili zisifungamane tena. Hakuna maji ya kunyunyiza wala kitambaa. Magamba yalipungua, kisha siku moja nikagundua kwamba sijamwona akijikuna tangu asubuhi. Mwezi wa saba daktari alimtazama akasema sasa anaweza kusukwa, asikazwe sana.

Cicily alijitolea kumsuka, na alikuwa stadi. Akina mama wa kanisa walijitolea. Mimi pia nilijitolea, na ninajua kusuka kuliko wote hao. Karwirwa alisema atasukwa na babake. Sokoni habari ilifika kabla ya Jumapili, na wafungaji wenzake wakamwomba akimaliza mtoto aje awasuke ndevu. Kaberia aliendelea kufunga vifurushi vyake.

Jumapili hiyo nilikuwa kwenye kiti changu pale uani. Alianza upande wa kulia. Nilidhani nitaona mistari imenyooka, kwa mikono ile, lakini matuta yaliondoka vizuri kisha yakapinda, kila moja njia yake. Nikasema moyoni, masikini, kufunga miraa si kusuka. Nikainuka nimwambie kwamba la tatu linakwenda kombo. Hapo nikaona la nne limetoka limenyooka sawasawa, kutoka paji la uso hadi kisogoni, tuta zuri ambalo saluni yoyote ya Meru mjini ingejivunia. Kaberia alilitazama. Akalifumua lote, akalisuka upya, likapinda.

Nikakaa chini.

Ilimchukua saa mbili na zaidi, maana kukosea kama alivyokosea mtu mwingine ni kazi ngumu. Alizungusha kwa chini, si kwa juu. Katikati ya la saba alisimama, akainuka, akaingia jikoni, akatoka na mkono umelowa, akaendelea. Mtoto hakugeuza kichwa, lakini mabega yake niliyaona yakishuka. Alipofika sikio la kushoto, nywele zilikuwa zimebaki. Alizisokota kando. Kutoka mfukoni akatoa uzi mweusi, mmoja wa zile za bati la biskuti, akazifunga, zikasimama wima.

Karwirwa alipeleka mkono nyuma ya sikio. Alikigusa kile kijituta, akakizungusha kwenye ncha za vidole, akakaa hivyo. Nilisikia kuku wakiparua kwenye majani ya mgomba.

"Yuko," akasema.

"Yuko," baba akamjibu.

Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda barabarani kucheza na wenzake, kichwa wazi. Kaberia alibaki kwenye kizingiti akiokota nywele zilizoanguka.